Kuhakiki Ujumbe na Kuhakiki Riwaya

Malalamiko ya walimu wa vyuo juu ya uandishi wa wanafunzi wao si mapya, lakini siku hizi yamepata mshtakiwa mmoja, nayo ni simu ya mkononi. Hudaiwa kwamba simu imewaondolea vijana subira ya kusoma na nidhamu ya kuandika. Makala haya mafupi yanakusudia kulipinga dai hilo, ingawa si lote.

Hebu tumtazame mwanafunzi aliyepanga chumba Kiganjo, kando ya mji wa Thika. Simu yake inapokea ujumbe usemao kwamba ametumiwa shilingi 2,500. Punde anapigiwa na mtu asiyemjua, akiombwa kwa unyenyekevu azirudishe fedha hizo, eti zimetumwa kwa makosa. Mwanafunzi hana haraka. Anatazama kwanza ujumbe umetoka wapi: kwa M-Pesa yenyewe, au kwa namba ya mtu binafsi? Anaichunguza namba ya muamala, tahajia na mpangilio wa maneno. Mwishowe anaangalia salio lake, kwani ujumbe ni dai tu, na salio ndilo ushahidi. Tangu huduma hiyo ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, kizazi kizima kimekulia katika usomaji wa namna hii.

Usomaji huo tuuiteje? Vijana wana maneno yao ya mtaani. Kiswahili sanifu kina neno kuhakiki, yaani kutafuta hakika ya jambo. Neno hilo hilo ndilo tulitumialo katika idara zetu tunapoichambua riwaya. Nani anasema? Anataka nini kwangu? Anaficha nini? Maswali haya ndiyo tunayotaka mwanafunzi amwulize msimulizi wa Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, anayesimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza.

Wala uwezo wa kuandika haukukosekana. Filamu ya The Shadow Scholars (2024), iliyoongozwa na Eloïse King, inawaonyesha Wakenya wasomi wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Biashara hiyo ni ya udanganyifu, nasi hatuitetei. Lakini inathibitisha kwamba kijana wa Kenya aweza kutafuta habari mtandaoni, kuzipanga na kuzijengea hoja.

Hata hivyo, ujuzi wa simu hauhamii darasani wenyewe. Ujumbe una sentensi chache. Riwaya ina mamia ya kurasa. Aidha, ujumbe una salio la kukata shauri, na riwaya haina. Msomaji wa riwaya hana budi kuvumilia shaka, kuirudia matini, na kuitetea fasiri yake mbele ya wenzake wenye fasiri nyingine. Katika jambo hili walalamikaji wana haki, na hapa ndipo mwalimu anapohitajika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu aanze na ujumbe wa ulaghai. Wanafunzi waandike aya moja wakieleza ni kwa ushahidi gani wameukataa. Juma lifuatalo wapewe ukurasa mmoja wa riwaya, waandike aya ya namna ile ile juu ya msimulizi. Mwanafunzi ataona kwamba anachotakiwa kufanya si kigeni kwake, na mwalimu ataona kwamba hakupewa mtu asiyejua kusoma.