Rangi Haipigwi Mvua Ikikaribia

Ukitaka kumjua fundi wa bodi, usimtazame anaposhika bunduki ya rangi. Mtazame kabla ya hapo, anapofumba macho na kupitisha kiganja juu ya mlango wa gari uliokwisha kunyooshwa, ukapakwa fila, ukasuguliwa. Jicho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganyiki. Karibu na Daraja Mbili, mjini Kisii, yuko mzee mmoja ambaye bado hufanya hivyo. Hupitisha mkono, husimama, hurudi nyuma kidogo, hugonga kwa ukucha, kisha huulowesha msasa majini na kuanza tena mahali ambapo mimi na wewe tungeapa kwamba pamekwisha. Vijana wa vibanda vya jirani huwa wameshakabidhi gari la pili yeye akiwa bado kwenye mlango uleule.

Ratiba yake huamuliwa na mawingu. Huku kwetu Gusii mvua hupenda kuja alasiri, upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria unapopanda milimani na kukutana na baridi ya juu. Rangi hizi za kuchanganywa na thina haziupendi unyevu. Thina inaporuka hulipoza bati, na mvuke wa hewani hutua juu ya rangi ambayo bado mbichi, ikatoka na ukungu mweupe unaoua mng'aro wake wote. Kwa hiyo mzee hungoja umande wa asubuhi ukauke, hunyunyiza maji chini ili vumbi jekundu litulie, kisha hupiga rangi kabla jua halijafika utosini. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, huweka bunduki chini hata kama kumebaki boneti peke yake. Mwenye gari akilalamika kwamba ana safari, humjibu kwa upole, "Mwalimu, rangi haipigwi mvua ikikaribia. Rudi kesho." Wateja wake wengi siku hizi si walimu, lakini yeye bado huwaita hivyo wote, kwa heshima ya wale waliomlisha zamani.

Nimetazama usuguaji kama huo Tabaka, huko Gucha Kusini, ambako wanawake hukaa na mabeseni ya maji wakisugua vinyago vya mawe ya sabuni. Huanza na msasa wenye chembe kubwa, wakaja kwa ulio laini, kisha ulio laini zaidi, wakilisuuza jiwe kila mara ili unga wake usilikwaruze, na mwisho hulipaka nta mpaka ling'ae. Watalii hulisifu jiwe na mchongaji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kilichowavuta mkono wakaligusa ni kazi ya yule aliyesugua. Gari nalo ni hivyo hivyo. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ufundi huu ulikua pamoja na gari la nyumbani, na gari la nyumbani la wazazi wetu lilikuwa Peugeot. Ilianza 404, ambayo ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, mikononi mwa madereva wa huku huku Afrika Mashariki kama Nick Nowicki na Bert Shankland. Ikafuata 504, ikashinda 1975 na 1978. Watu walisikiliza mashindano hayo kwenye Sauti ya Kenya, na asubuhi walitoka nje kulitazama gari la jirani kwa macho mapya. Ile 504 ilikuwa ikiunganishwa Mombasa. Mwalimu mkuu, karani wa kiwanda cha chai au mkulima aliyekuwa na bahati na kahawa yake aliponunua moja, hata ikiwa ni ya mkono wa pili au wa tatu, hakuiona kama kitu kilichokamilika. Ilikuwa imefika tu. Kuifanya ya nyumbani ilikuwa kazi iliyobaki.

Kazi hiyo naikumbuka vizuri, kwa kuwa nilikulia ndani yake. Gari letu lilikuwa 504 nyeupe, na siku yake kubwa ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, kama zilivyo familia nyingi za Kisii na Nyamira, na hakuna kazi baada ya jua la Ijumaa kuzama. Kwa hiyo saa za mchana zilikuwa na pilika zake. Baba alivua shati la kazini, akakunja suruali, akaanza na bampa. Bampa zile zilikuwa za chuma kinachong'aa, na yeye alizisugua kwa Brasso na kitambaa cha fulana kuukuu mpaka ungeweza kuiona migomba ya nyuma ya nyumba ikiwa imepinda ndani yake. Sisi watoto tulipewa magurudumu. Tulichokoa udongo kwa kijiti kwenye matundu ya rimu, kwa sababu kitambaa hakifiki huko, na Baba alikagua kwa kidole.

Mama alikuwa na sehemu yake, na hakuna aliyeigusa bila ruhusa. Kwenye kibao cha nyuma ya viti, chini ya kioo, alitandika kitambaa alichokifuma kwa kroshia, cheupe chenye ukingo wa kijani. Jua lilikuwa likikila kitambaa hicho. Mwaka hadi mwaka uzi ulikauka na kukatika upande uliotazama kioo, naye akafumua sehemu iliyokufa na kuifuma upya kwa uzi mpya. Ndiyo maana ukingo wa kijani haukuwa wa kijani kimoja. Ulikuwa na mikanda ya kijani tofauti, kila mmoja wa duka lake na mwaka wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo alioukusudia. Sasa naamini alikusudia kweli, maana angeweza kutupa na kuanza upya, na hakufanya hivyo.

Viti vilipopasuka, gari lilipelekwa mjini kwa fundi wa kushona. Baba alinichukua niandamane naye, na nililolishuhudia siku ile limenikaa mpaka leo. Yule fundi hakuchukua vipimo kwa utepe. Alikitoa kile kiti kwenye fremu, akazikata moja moja pete za waya zilizokibana, halafu akaufumua mshono wa zamani uzi kwa uzi bila kukichana kitambaa. Alipomaliza alikuwa na vipande kama kumi na kitu vimelala sakafuni, kila kimoja na umbo lake. Hivyo ndivyo vilikuwa vipimo vyake. Akaviweka juu ya ngozi mpya, akavizungushia chaki, akaacha nafasi ya upana wa kidole kwa ajili ya mshono, akakata. Palipokuwa pamebonyea kwa miaka ya kukaliwa upande wa dereva, aliongeza sponji. Alimwambia Baba, "Wewe huegemea kushoto, Mwalimu. Nimekuwekea kidogo zaidi huku." Alikuwa amesoma mwili wa mtu kutoka kwenye kiti chake. Kiti hicho kilidumu kuliko injini.

Kulikuwa na mengine madogo. Usukani ulivikwa ngozi na kushonwa kwa sindano kubwa, mshono ukiwa upande wa ndani usiikwaruze mikono. Nyuma ya magurudumu Baba alining'iniza raba zilizokatwa kutoka kwa tyubu ya lori, zikiwa zimekunjwa mara mbili na kutobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Mbele, chini ya bampa, aliongeza taa mbili za ukungu. Watoto wa shule walizishangilia kwa kudhani ni za mashindano, lakini hazikuwa pambo. Asubuhi kwenye miinuko ya Nyamira, kati ya Keroka na Nyansiongo ambako chai imetanda pande zote, ukungu hulala juu ya barabara, na taa iliyofungwa chini hupitisha mwanga wake chini ya ukungu badala ya kuurudisha machoni pa dereva. Raba zile zilikuwepo kwa sababu barabara ya kwetu ilikuwa ya udongo mwekundu, na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo za kanisa alikuwa ni jirani. Kila kilichoongezwa kwenye gari lile kilikuwa na jibu ukikiuliza sababu yake.

Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi, na baadaye sheria ikataka yasizidi umri wa miaka 8. Zikaja Corolla, zikaja Premio na Allion, ikaja Probox ambayo leo ndiyo inayobeba nusu ya maisha ya Kisii na Nyamira, kuanzia abiria hadi ndizi. Bati likawa jembamba na bampa ikawa ya plastiki. Mafundi wetu hawakushindwa. Plastiki hainyooshwi kwa nyundo, basi wakajifunza kuishona: hutoboa matundu madogo pande mbili za ufa, hupitisha waya, hukaza, kisha huyeyusha plastiki juu ya mshono kwa chuma cha moto na kuisawazisha kwa msasa. Ikishapigwa rangi huwezi kuuona ufa. Wakati serikali ilipotoa waraka wake kuhusu biashara ndogo na jua kali mwaka 1992, watu hawa walikuwa tayari wanafanya kazi chini ya mabati na chini ya miti, bila kungoja kusifiwa.

Kwa hiyo silii kwa sababu magari yamebadilika. Ninachokililia ni kitu kingine, na nakiona kila siku kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira.

Naona sedani za familia zimebandikwa vipande vya plastiki vilivyopakwa rangi ya kromu, vikiwa vimegundishwa juu ya kutu. Kutu haikukwanguliwa, imefunikwa, na chini ya utepe ule unaonata maji hukaa na kula bati kwa siri. Naona balbu za mwanga mkali wa buluu zimetiwa ndani ya taa ambazo kioo chake kilitengenezwa kwa balbu ya aina nyingine. Mwanga husambaa ovyo, na anayekuja upande wa pili kwenye kona za Manga huwa kipofu kwa sekunde ambazo ndizo alizohitaji. Naona viti vimevikwa vifuniko vilivyoshonwa kwa wingi kiwandani kwa gari lolote lile, vikabana ubavu wa kiti ambamo mfuko wa hewa wa kumwokoa abiria umefichwa. Naona magari yaliyonyanyuliwa kwa spesa mpaka taa zinatazama juu ya miti, ekseli zimepinda kuliko zilivyoundwa kupinda, na gari linayumba kwenye mteremko likiwa limejaa watoto. Aliyezifunga spesa hizo hakurudi kushusha taa, na mwenye gari hakumuuliza. Barabara zetu mbovu zinahitaji gari lililoinuka kidogo, hilo nalijua. Lakini kuinua gari ni kazi yenye mwisho wake, na mwisho ule ndio tunaouruka.

Tusiwalaumu vijana wa vibandani peke yao. Wao hutupa kile tunachokilipia. Mteja hufika saa nne asubuhi akitaka gari saa kumi jioni, hubishania bei ya msasa, hukataa kulipia siku ya pili, kisha huondoka na rangi iliyopigwa chini ya mawingu. Miezi michache baadaye rangi hiyo ikichubuka, humtafuta fundi mwingine na kumsimulia ubaya wa wa kwanza. Kijana mwenye akili hujifunza haraka kwamba kufumba macho na kupapasa bati hakumletei chakula. Hujifunza kung'oa na kubadilisha, kubandika na kung'arisha. Mjini Kisii tuna chuo cha ufundi cha taifa, kilichoanza kama Gusii Institute of Technology, na wanafunzi wake hutoka na vyeti vya haki. Lakini mkono hufundishwa na kazi inayorudiwa mpaka iwe sawa, na hakuna anayetaka kulipia kurudia.

Tumewaacha pia watoto wetu nje. Mtoto wa leo hujua jina la gari la baba yake, mwaka lilipoundwa na ukubwa wa kioo cha redio kwenye dashibodi. Muulize bampa imefungwa kwa kitu gani, au kwa nini mlango wa kushoto unalia, atakutazama tu. Ijumaa gari huoshwa kwa mashine ya maji kando ya barabara, na kijana asiyelijua, na familia hukaa pembeni ikiangalia simu. Gari hutoka safi, sikatai. Lakini hakuna aliyegundua kutu ndogo chini ya mlango, kwa sababu kutu hugunduliwa na mtu anayepangusa kwa mkono. Hakuna aliyeona tairi limeanza kulika upande mmoja. Hakuna aliyekaa chini na uzi wa kijani kurekebisha kilicholiwa na jua.

Ukarabati wa gari la nyumbani ulikuwa shule yetu ya kutunza, na ilikuwa shule ya bure: tulijifunza kuuliza kila pambo linafanya kazi gani, kukubali kwamba kazi nyingine ni ya kesho, na kumlipa mtu kwa ajili ya sehemu ambayo haitaonekana. Tumeifunga wenyewe, kwa mikono yetu na kwa senti tulizozibania. Mafundi wanaoyajua haya bado wapo Kisii, bado wapo Keroka na Nyamira, na wanazeeka bila mtu wa kuwashikia msasa. Wakiondoka, tutabaki na magari yanayong'aa na yanayooza kwa wakati mmoja, na hatutakuwa na wa kumuuliza ni kwa nini.