Utata wa Tamati katika Carnival of Souls

Filamu ya Carnival of Souls (1962), iliyoongozwa na Herk Harvey kwa fedha kidogo, yapata dola 33,000, huhitimishwa kwa matukio mawili yanayopingana. Huko Utah, mchungaji, daktari na polisi wanazifuata nyayo za Mary Henry mchangani karibu na ukumbi wa Saltair uliotelekezwa. Nyayo zinakoma ghafla, na mwenyewe hayupo. Kisha, huko Kansas, gari lililotumbukia mtoni mwanzoni mwa hadithi linaopolewa, na maiti yake imo ndani.

Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba yote ya katikati ni ndoto ya mtu anayekufa. Maelezo haya hayatoshi. Ndoto hukoma pamoja na mwotaji. Nyayo zile, hata hivyo, zinaonwa na watu wengine baada ya Mary kutoweka.

Kwa maoni yetu, swali la msingi ni iwapo Mary aliwahi kuwa miongoni mwa walio hai. Anapiga kinanda kanisani kwa ajili ya ujira tu. Anajitenga na kila anayemkaribia. Na mara mbili watu hawamwoni wala kumsikia. Mtu ni watu, wasemavyo Waswahili. Nyayo zathibitisha kwamba alipita kwao. Maiti yathibitisha kwamba hakufika. Mwongozaji hakuufuta ushahidi mmoja kwa mwingine, na mtazamaji hana budi kuushika wote. Mhakiki anayeuondoa utata huu huiondoa pia huzuni yake.