Fani ya Chuma: Kuisoma Neve 1073

Neve 1073 husifiwa sana na kuchambuliwa kidogo. Kikuza sauti hiki cha maikrofoni, kilichobuniwa Uingereza na kampuni ya Rupert Neve mwaka 1970, huelezwa kwa sifa za mezani: kitamu, kinene, kina joto. Sifa hizo zinatuambia msikilizaji amefurahi. Hazituambii sauti imefanywa nini, na ni sehemu gani ya muundo iliyoifanya hivyo.

Tuanze na muundo. Sauti huingia 1073 kupitia transfoma na kutoka kupitia transfoma. Katika kila moja, koili ya kwanza hugeuza umeme kuwa usumaku ndani ya kiini cha chuma. Koili ya pili huurudisha usumaku huo kuwa umeme. Kati ya milango hiyo miwili ndiko kuliko na transista.

Milango hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Transfoma ya kuingilia hupokea mawimbi hafifu ya maikrofoni kupitia nyaya mbili, na mngurumo wa umeme ulioziingia nyaya zote mbili kwa usawa hujifuta hapo. Vilevile huinua volti kabla transista haijaongeza mvumo wake. Ya kutokea hukitenga kifaa na mashine inayofuata na kuisukuma sauti kwenye nyaya ndefu za studio. Dhima ilitangulia, ladha ilifuata.

Ladha yenyewe inatokana na upendeleo wa chuma. Kwa volti zilezile, kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo usumaku ndani ya kiini unavyopanda. Noti ya Hezi 40 hukibebesha kiini usumaku mara 10 ya ule wa noti ya Hezi 400. Kwa hiyo ngoma kubwa na gitaa la besi hukifikisha chuma karibu na kushiba wakati sauti ya mwimbaji inapita bila bughudha. Chuma kinapokaribia kushiba, vilele vya wimbi hubanwa na noti mpya huzaliwa, hasa ile yenye masafa mara tatu ya noti ya asili: Hezi 50 huzaa Hezi 150. Spika ndogo isiyoweza kutoa Hezi 50 huitoa 150 bila taabu, na sikio hupata dalili ya besi ambayo spika haikuitoa. Unene unaosifiwa una chanzo hicho. Transista inayozidiwa haina uteuzi huo: hukata kila wimbi lililovuka mpaka, liwe la besi au la juu.

Upekee wa 1073 uko kwenye mlango wa kutokea. Hatua yake ya mwisho ni transista moja, ambayo mkondo wake mnyoofu hupita ndani ya koili ya transfoma muda wote. Mkondo huo ungeweza kukishibisha kiini kabla muziki haujaanza, na ndiyo sababu kiini kimeachiwa mwanya mdogo. Hata hivyo chuma kinabaki kimeegemea upande mmoja, hivyo nusu mbili za wimbi hazitendewi sawa. Matokeo yake ni noti ya masafa mara mbili, yaani oktava ya juu, inayoungana na ile ya mara tatu. Transista nayo huchangia noti hiyo ya oktava. Anayeipa transfoma peke yake sifa zote anasoma nusu ya kifaa.

Upande wa masafa ya juu nao una somo lake. Rupert Neve alisimulia jinsi Geoff Emerick, aliyewahi kurekodi The Beatles, alivyolalamikia chaneli 3 kati ya 48 za meza moja ya kuchanganyia sauti. Vipimo vilionyesha kwamba transfoma za chaneli hizo hazikuwa zimefungiwa mzigo wa umeme unaostahili, na zilikuwa zikipandisha sauti kwa desibeli 3 kwenye kilohezi 54, mbali juu ya upeo wa sikio la binadamu. Mzigo uliporekebishwa, malalamiko yakaisha. Transfoma ileile, ikiunganishwa vingine, hutoa sauti nyingine.

Fani hii ina gharama. Transfoma nzuri ni nzito na ghali, na anayetaka sauti itoke kama ilivyoingia atahudumiwa vyema zaidi na saketi isiyo na chuma. Hukumu yangu ni kwamba ubora wa 1073 haumo ndani ya chuma bali katika maafikiano ya chuma, transista na mzigo. Wewe unayetaka kununua nakala yake, usidanganyike na picha ya transfoma kwenye tangazo. Ipitishie besi kwa kiwango cha chini, kisha cha juu, halafu fanya vivyo hivyo kwa sauti ya mwimbaji. Ikiwa vyote viwili vinabadilika kwa namna moja, hicho si chuma unachokisikia.