Tokarev na kufuli la forodhani

Chukua bastola ya Tokarev iliyotengenezwa Romania na kuingizwa Marekani kama silaha kuukuu ya jeshi, uigeuze upande wa kushoto. Nyuma ya fremu, juu ya mpini, utaona wenzo mdogo ambao haufanani na vipande vingine. Huo ni kufuli la usalama. Mbunifu wa bastola hiyo, Fedor Tokarev, hakuuchora, askari aliyekabidhiwa bastola hiyo hakuwahi kuwa nao, na ili upate pa kukaa ilibidi fremu itobolewe miongo kadhaa baada ya silaha kutoka kiwandani Cugir. Wanunuzi wengi huuona kama zawadi: bastola ya zamani sasa ina usalama wa kisasa. Nadhani wanakosea, na kosa hilo linatokana na kutoielewa bastola yenyewe. Tokarev hakusahau kufuli. Alifanya hesabu ya makusudi ambamo kila kilichoondolewa kwenye silaha kilibebeshwa mtu au kitu kingine: mashine ya kiwandani, fundi wa kikosi, au nidhamu ya askari. Anayeinunua leo anarithi hesabu hiyo nzima, na wenzo ule hauifuti.

Tuanzie kiwandani, maana ndiko bastola hii ilikoamuliwa. Jeshi Jekundu la Wasovieti lilikuwa bado linategemea Nagant ya 1895, rivolva ya risasi 7 ambayo maganda yake husukumwa nje moja baada ya jingine. Lilitaka bastola ya magazini ambayo ingeweza kutengenezwa kwa wingi na viwanda vilivyokuwapo. Muundo wa Tokarev ulikubaliwa mwaka 1930 na kurekebishwa mwaka 1933, na marekebisho hayo ndiyo tunayoyajua kwa jina la TT-33. Msingi wake ni wa John Browning. Risasi inapolipuka, mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimeshikamana; kiungo kidogo kinachobembea chini ya mtutu huuvuta mwisho wake kwenda chini; meno ya mtutu huachana na mifereji ya slaidi; kisha slaidi huendelea peke yake, hutupa ganda na kuikoki nyundo. Mpaka hapo hakuna jipya kwa anayeijua M1911 ya Wamarekani. Tofauti ipo kwenye meno. Mtutu wa M1911 una meno upande wa juu tu, kwa hiyo kuyachonga ni kazi ya peke yake. Kwenye TT-33 meno ni pete zinazouzunguka mtutu mzima. Nusu ya chini ya pete hizo haishiki chochote, na mtu anaweza kuiona kama chuma cha bure, lakini pete hukerezwa: mtutu ukiwa tayari unazunguka kwenye mashine ya kukereza, fundi anazikata palepale. Chuma kidogo kilichobaki bila kazi kiliokoa saa nyingi za mashine na za fundi.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni mtambo wa nyundo. Kwenye bastola nyingi za enzi zile, nyundo, springi yake na kishikizi kinachoizuia ni vipande vilivyotawanyika ndani ya fremu, vikishikiliwa na pini za hapa na pale. Tokarev alivikusanya vyote kwenye bonge moja la chuma, na springi ya nyundo akaificha ndani ya nyundo yenyewe. Ukishaitoa slaidi, unalinyanyua bonge hilo kwa vidole viwili, unalisafisha, unalirudisha. Likiharibika, fundi wa kikosi anaweza kuweka jingine badala ya kuhangaika na vipande kimojakimoja. Halafu kuna ncha mbili zinazochomoza mbele ya bonge hilo, ambazo mtu anaweza kuzipita bila kuzijali, nami naziona kuwa ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye silaha hii. Katika bastola ya kawaida, risasi huongozwa kuingia chemba na midomo ya magazini, yaani kingo za bati jembamba lililokunjwa. Magazini ikidondoka au ikikanyagwa, midomo hupinda na bastola huanza kukwama. Kwenye Tokarev, njia ya risasi imechongwa kwenye chuma kigumu cha bonge la nyundo, na magazini imepunguziwa kazi hiyo. Bati lililopinda kidogo halina tena uwezo wa kuiangusha bastola nzima.

Kwa mwendo huohuo, vibao vya mpini havikufungwa kwa skrubu bali kwa kibana kinachozungushwa kutokea ndani, na pini inayoshikilia mtutu hufunguliwa kwa kusukuma klipu ya springi upande wa kulia wa fremu. Pembe ya kitako cha magazini inatosha kuisukuma. Askari hahitaji bisibisi.

Sasa tuje kwenye gharama. TT-33 haina kufuli la usalama la aina yoyote, isipokuwa pengo la pili kwenye nyundo, la kukoki nusu. Nyundo ikiwekwa hapo, kifyatulio hakivutiki na slaidi haifunguki. Lakini pengo hilo ni ukingo mwembamba wa chuma. Ukichakaa, au bastola ikianguka na kugonga nyundo, ndio pekee unaozuia risasi isitoke. Kwa sababu hiyo kanuni ya kuibeba salama ni kuacha chemba ikiwa tupu: magazini imejaa, chemba haina kitu, na slaidi huvutwa pale tu silaha inapohitajika. Kazi ya kufuli ilitolewa kwenye chuma ikapewa mkono na kichwa cha askari. Msomaji anaweza kupinga hapa kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya, na ana ushahidi: mwaka 1951 Wasovieti wenyewe waliikubali bastola ya Makarov, yenye wenzo kwenye slaidi unaoishusha nyundo kwa usalama na kuifunga. Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu. Katika mfuko wa polisi au afisa anayetembea nayo kila siku, Makarov ni silaha bora. Ila Makarov inathibitisha pia hoja yangu, kwa kuwa wenzo wake ulibuniwa pamoja na bastola: unazungumza na nyundo, na kishikizi, na slaidi kwa pamoja. Haukupachikwa juu ya mtambo ambao haukuutegemea.

Kilichowapachikia Waromania kufuli ni sheria ya nchi nyingine. Mwaka 1963 Rais Kennedy aliuawa kwa bunduki ya Carcano, silaha kuukuu ya jeshi la Italia iliyonunuliwa kwa agizo la posta. Miaka mitano baadaye, mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy pia waliuawa kwa risasi, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, iliyofunga mlango wa silaha za ziada za majeshi ya nje. Mlango huo ulifunguliwa kiasi mwaka 1984 kwa silaha zinazohesabika kuwa za kale au za kumbukumbu, lakini bastola ziliwekewa sharti la ziada: lazima zifae kwa michezo ya shabaha. Kufaa huko hupimwa kwa fomu ya alama. Urefu una alama zake, uzito una zake, kipimo cha risasi kina zake. Bastola ya magazini lazima ifikishe 75, na kabla alama hazijaanza kuhesabiwa lazima iwe na kufuli linaloendeshwa kwa mkono. TT-33 jinsi ilivyotoka kiwandani inaanguka kwenye sharti hilo la awali. Ndiyo maana waagizaji walitoboa fremu. Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma, ambako safari ya kumiliki silaha huanzia kwenye leseni ya mtu na si kwenye alama za bastola, utaratibu huu unaweza kuonekana wa kigeni, lakini ndio ulioamua sura ya Tokarev nyingi zilizoko Marekani leo. Zile ambazo hazikutobolewa, kama zilizorudi mikononi mwa askari kutoka Korea na Vietnam, ndizo wakusanyaji wanazozigombea.

Swali ni je, wenzo huo unafanya nini? Kwenye nyingi ya hizo zilizobadilishwa, unazuia kifyatulio tu. Nyundo iliyokokiwa bado imeshikwa na kishikizi kilekile cha zamani, na slaidi bado inaweza kuvutwa. Lakini hatari ya TT-33 haikuwa kidole pekee. Ilikuwa pia kuanguka, pigo, na chuma kilicholika. Fomu iliuliza kama kufuli lipo, ikajibiwa kwamba lipo. Haikuuliza linafunga nini. Watu wenye busara hujibu kwamba kufuli pungufu ni afadhali kuliko kutokuwa nalo kabisa. Hilo lingekuwa kweli kama tabia ya mtumiaji isingebadilika, lakini inabadilika. Mtu anayejua bastola yake haina kufuli huiacha chemba tupu. Mtu anayeona wenzo huuamini, akaweka risasi chemba, akakoki nyundo, akashusha wenzo na kuridhika, jambo ambalo bastola hii haikujengwa kulivumilia. Kanuni ya chemba tupu ilikuwa ulinzi halisi; wenzo umeichukulia nafasi bila kuchukua kazi yake. Haki itendeke lakini: si kila kufuli la nyongeza ni la namna hiyo. M57, Tokarev ya Yugoslavia yenye risasi 9, ilitoka kiwanda cha Zastava ikiwa tayari na kizuizi kinachokataa kufyatua magazini ikiwa nje, na kiwanda kinachobadilisha silaha yake chenyewe kina nafasi ya kufanya kazi safi kuliko fundi wa mwagizaji.

Kuna pingamizi jingine linalosikika sana kwa wanunuzi: kwamba TT ni chuma cha ovyo cha wakati wa vita, na anayetaka kupiga risasi zake za 7.62×25 afadhali anunue CZ ya 1952 ya Wacheki, ambayo inasemekana kuwa na nguvu zaidi kwa sababu hujifunga kwa roli mbili za chuma. Mtambo wa roli ni mzuri kuutazama, sikatai. Lakini nguvu ya bastola huamuliwa na pale ilipo nyembamba, na mtutu wa CZ umechongwa upande wa chini ili kuzipisha roli, hivyo ukuta wa chemba hapo ni mwembamba. Mtutu wa Tokarev hauna mchongo huo. Unyenyekevu wa sura yake na alama za mashine zinazoonekana juu ya slaidi za miaka ya vita vimewadanganya wengi. Wanahukumu ung'arishaji wakidhani wanahukumu uimara.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na mambo yanayobeba hesabu ya Tokarev, kabla ya kutazama rangi na muhuri. Bastola ikiwa imethibitishwa kuwa tupu, magazini nje na chemba imetazamwa kwa macho, aiweke nyundo kwenye nusu koki, avute kifyatulio kwa nguvu na ajaribu kuifungua slaidi. Ikiteleza hata mara moja, bonge la nyundo ni la kubadilishwa. Alitoe bonge hilo na kutazama zile ncha mbili za kuongozea risasi: zisiwe zimevunjika wala kuchakaa pembeni. Atazame kiungo cha mtutu na pini yake kama kuna ufa. Springi kubwa ya slaidi aibadilishe bila kubishana nayo, kwa kuwa ni ya bei ndogo na ikilegea slaidi hugonga fremu kwa nguvu isiyostahili. Kama wenzo umeongezwa, ahakikishe haukwami katikati ya njia, kisha aendelee kuichukulia bastola kana kwamba haupo.

Kwenye uwanja wa shabaha, kitakachomshangaza ni sauti na mwali kuliko teke. Kichwa cha risasi ni chepesi, gramu 5.5 hivi, lakini hutoka kwa mita 420 kwa sekunde au zaidi, na mtutu ni wa milimita 116 tu. Mpini umesimama wima kiasi kwamba mkono uliozoea bastola nyingine huelekeza mtutu chini ya shabaha mpaka ujirekebishe. Kipimo hiki cha risasi kilitokana na kile cha bastola ya Mauser, na vinakaribiana sana kwa umbo, lakini risasi za Tokarev hazifai kupigwa kwenye Mauser ya zamani. Shinikizo lake ni kubwa mno kwa silaha ile. Zaidi ya hapo, nyingi ya risasi za ziada za kijeshi zilizouzwa kwa bei rahisi zina fataki za potasiamu klorati. Ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi hufyonza unyevu wa hewa, na kutu huweza kuanza ndani ya siku moja au mbili. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, huifunika tu. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, yapitishwe kwenye mtutu, kwenye uso wa slaidi na kwenye bonge la nyundo siku ileile, chuma kikaushwe vizuri, mafuta yaje mwisho. Kazi hiyo kwenye Tokarev huchukua dakika chache, kwa kuwa bonge la nyundo hutoka bila kifaa chochote.