Tangazo na Sikio la Msikilizaji: Uhakiki wa Mazoezi ya Kusikiliza Matangazo ya Chuo

1. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii yajulikana kwa kila mtoto wa pwani, lakini aghalabu hutajwa kwa ajili ya hilo jambo, si kwa ajili ya mlio. Makala haya yanakusudia kuuangalia mlio wenyewe, yaani tangazo kama namna ya usemi yenye kanuni zake, na kuuliza swali moja: kijana wa Malindi au Kilifi anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza anapoyakosa maswali ya tangazo, ni kitu gani hasa alichokikosa?

Swali hili si la mzaha. Mtihani wa TOEFL umekuwapo tangu mwaka 1964. Katika muundo wake ulioanza Januari 2026, sehemu ya kusikiliza ina matangazo mafupi ya namna ya yale yatolewayo vyuoni: mkutano umehamishwa, maktaba itafungwa mapema, fomu zirejeshwe kabla ya siku fulani. Mtahiniwa hulisikia tangazo mara moja tu, wala hayaoni maneno yake yakiwa yameandikwa. Kilifi mjini pana Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikapata hati yake mwaka 2013. Wako basi wahitimu wa pwani hii wanaotafuta nafasi za masomo ng'ambo, na kwa mmoja wao maswali mawili matatu yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupata ufadhili na kuukosa.

2. Mazoezi tuliyowahi kuyashuhudia huendeshwa hivi: mwalimu hupiga kanda, wanafunzi huandika maneno wanayoyadaka, kisha majibu husahihishwa na kanda nyingine hupigwa. Dhana iliyojificha humo ni kwamba kusikiliza ni kudaka maneno, na kwamba adakaye mengi ndiye aliyefahamu.

Ili kuipima dhana hiyo, tulitunga tangazo kwa Kiingereza tukawasomea wanafunzi wachache wa Malindi. Maana yake ilikuwa hii: semina ya uandishi iliyopangwa kufanyika kesho saa tatu asubuhi katika ukumbi wa zamani haitafanyika humo kwa kuwa paa linavuja, itafanyika ghorofa ya pili ya maktaba, saa ile ile, waliokwisha kujiandikisha hawahitaji kujiandikisha tena, ila waje na vitambulisho vyao.

Mwanafunzi mmoja aliandika: ukumbi, paa, maktaba, kujiandikisha, kitambulisho. Hakuna neno hata moja alilolikosea. Hata hivyo, alipoulizwa wasikilizaji wanatakiwa kufanya nini, alijibu kuwa waende maktaba wakajiandikishe kwa vitambulisho. Maneno yote alikuwa nayo. Tangazo hakuwa nalo.

Wa pili alikosea kwa njia nyingine, nayo yatuhusu zaidi sisi wanaisimu. Saa ile Waingereza huiita tisa. Aliisikia tisa barabara, akaandika saa tisa, kisha akachagua jibu lililosema alasiri. Hili si kosa la sikio. Ni kosa la mtu anayeihesabu siku tangu jua kuchomoza, kama tunavyoihesabu sote, na ambaye hakuna aliyemkumbusha kwamba saa za Kiingereza zapaswa kugeuzwa kabla ya kuandikwa.

Makosa mengine yalitokana na mfumo wa sauti. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo wake una mahali maalumu. Katika Kiingereza, kumi na tatu na thelathini hutenganishwa na mkazo pamoja na konsonanti ya mwisho, mahali ambapo sikio letu halikuzoea kutafuta maana. Vivyo hivyo kwa ukanushi: kwetu hutangulia kitenzi na husikika wazi, ilhali katika Kiingereza cha kasi waweza kumezwa na neno lililo jirani.

3. Je, kijana huyu hajui kusikiliza matangazo? Tumwangalie akiwa kwao. Kipaza sauti cha msikiti kinapotangaza kifo, naye yumo sokoni katikati ya kelele, hurudi nyumbani na habari kamili: nani aliyefariki, ni mtoto wa nani, atasaliwa msikiti gani, baada ya sala ipi, na atazikwa wapi. Hakuandika neno. Vivyo hivyo wazee walioyasikiliza matangazo ya vifo katika Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijarudia jina la KBC mwaka 1989, waliweza kuyapeleka mpaka mashambani bila kupotosha siku wala mahali.

Uwezo huo una sababu. Msikilizaji anaujua mpangilio wa tangazo kabla halijaanza, hivyo kila habari ina mahali pake pa kukaa. Tena husikiliza ili atende: aende maziko, au apeleke habari kwa jamaa. Na asiposikia vizuri, yuko jirani wa kumwuliza.

Sababu hii ya mwisho ndiyo inayoutia mtihani dosari. Tangazo la mtihani halina jirani. Mwandishi wa makala haya, katika juma lake la kwanza la masomo ya shahada ya pili ng'ambo, alisikia ukumbi wa zamani ukitajwa, hakusikia ule mpya, na angaliukosa mhadhara lau mwanafunzi mwenzake asingalimshika mkono. Kumwuliza mwenzako nako ni sehemu ya ufahamu wa kusikiliza, na mtihani hauipimi.

4. Pamoja na hayo, mtihani hautaahirishwa kwa ajili ya uhakiki wetu, na kijana anayengoja ufadhili hana nafasi ya kubishana nao. Tunachoweza kurekebisha ni mazoezi. Mwalimu na aanze na tangazo la Kiswahili analolijua mwanafunzi, alichambue pamoja naye: ni nani asemaye, kilipangwa nini, kimebadilika nini, kwa sababu gani, na msikilizaji afanye nini. Mpangilio huo ukishakaa, ndipo kanda ya Kiingereza ipigwe, tena mara moja, na mwanafunzi aeleze atakalolitenda badala ya kuorodhesha maneno. Saa, tarakimu na ukanushi vifanyiwe mazoezi ya peke yake.

Huenda ikasemwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na Kiswahili hakina nafasi humo. Jibu letu ni kwamba mwanafunzi haingii katika chumba cha mtihani na sikio jipya. Huingia na lile lile alilolelewa nalo, nalo tayari limefunzwa kusikiliza matangazo. Anayemfundisha kana kwamba anaanzia patupu anamnyima nusu ya ujuzi alio nao.