Rehani Asiyetia Saini: Riwaya ya Peponi Katika Darasa la Misingi ya Sheria ya Biashara, Unguja

Makala haya yanaisoma riwaya ya Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kama ilivyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kwa jicho la mwalimu wa sheria ya biashara. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na usomaji wake uliozoeleka ni wa riwaya ya safari, ya ujio wa Wajerumani, au ya mwangwi wa kisa cha Nabii Yusuf. Usomaji huo haupingwi hapa. Ninachodai ni kwamba chini ya safari na bustani kuna deni, na kwamba deni hilo limesimuliwa kwa namna inayomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza jambo ambalo vitabu vya kiada humpitisha mbio: nani ni mhusika wa mkataba, na nani ni kitu tu ndani yake.

Sina budi kueleza swali hili limenijia vipi. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne, miezi michache baada ya kufaulu vizuri somo la sheria ya biashara katika ngazi ya stashahada, mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye tangu utotoni nikimwita ami alinipa karatasi niitie saini. Nilitia. Hakuwa ndugu wa baba yangu hata kidogo. Karatasi ile ilikuwa dhamana ya mkopo, na kwa miezi kumi na minne mshahara wangu ulikatwa. Katika mtihani nilikuwa nimeandika, bila kukosea neno, kwamba dhima ya mdhamini ni sawasawa na dhima ya mdaiwa mwenyewe. Nilikijua kifungu, lakini sikuitambua dhamana ilipowekwa mbele yangu barazani, pamoja na kikombe cha kahawa. Baadaye, nilipoanza kufundisha darasa la jioni Mji Mkongwe, niliwakuta wanafunzi wangu wakiwa katika hali hiyo hiyo, wengine na madeni makubwa kuliko langu.

Tatizo, kwa maoni yangu, limo katika mlango tunaowaingizia wanafunzi. Somo hufunguliwa kwa pendekezo na ukubali, na mfano ni kesi ya Bibi Carlill na kampuni iliyouza dawa ya mafua, iliyoamuliwa London mwaka 1892. Ni kesi nzuri, na wanafunzi huipenda. Lakini inamwonyesha mwanafunzi mkataba baina ya watu wasiojuana, uliozaliwa gazetini, wakati mikataba itakayomfunga yeye itazaliwa baina ya watu wanaojuana mno. Sheria yenyewe haina lawama. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika hadi 1961 na ambayo ndiyo chimbuko la sheria ya mikataba ya Zanzibar, inataka ridhaa ya hiari, watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, badali iliyo halali na lengo lililo halali. Orodha hiyo hukaririwa hadi ikawa wimbo. Hakuna anayemuuliza mwanafunzi kama amewahi kuiona ikivunjwa nyumbani kwao.

Peponi inaanzia hapo. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake anaendesha hoteli ndogo isiyoleta faida, na mara kwa mara anafika mgeni tajiri, Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita kwa neno la kijamaa kana kwamba ni ndugu wa wazazi wake. Mgeni anakula vizuri, na akiondoka humpa Yusuf sarafu ya anna kumi. Siku moja Yusuf anaambiwa kuwa ataondoka naye. Usimulizi umefungwa ndani ya macho ya mtoto: hatuonyeshwi hati wala mashahidi, na hatusikii kiasi cha deni kikitajwa mbele ya anayelilipa. Tunachokiona ni sarafu, chakula kizuri, na machozi ya mama ambayo mtoto hayaelewi. Mhakiki wa fasihi ataiita mbinu hii mtazamo finyu wa msimulizi. Mwalimu wa sheria anaweza kuiita jina jingine, kwa sababu mtu aliyefungwa na mkataba asioujua huuona hivyo hivyo, vipande vipande, kila kipande kikiwa na sura ya wema.

Sarafu ile inastahili kutazamwa kwa muda. Darasani tunafundisha kwamba badali ni kile ambacho kila upande hukitoa ili kukipata cha mwenzake, na kwamba zawadi si badali. Je, anna kumi ni nini? Kwa Yusuf ni zawadi. Kwa msomaji aliyekwisha kufika katikati ya riwaya ni kitu kingine, ingawa kisheria bado si badali ya chochote. Nimewahi kulitumia swali hili kwa kipindi kizima na sijutii.

Ni Khalil, kijana mkubwa kidogo aliyemo dukani kwa Aziz, anayelibomoa jengo lile la ujamaa. Anamwambia Yusuf kuwa yule si mjomba wala ami yake, amwite seyyid, na kwamba yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake, kama Khalil mwenyewe alivyowekwa kwa deni la baba yake. Naliona tukio hili kuwa somo bora la msingi wa sheria ya biashara katika fasihi yote ya pwani niliyoisoma. Mahkama za Kiingereza, tangu kesi ya Balfour ya mwaka 1919, huchukulia kwamba makubaliano ya ndani ya familia hayakukusudiwa kufunga kisheria. Anayemwita mdai wake ami hujiweka, bila kujua, ndani ya familia ya kubuni: anaacha kuuliza maswali ambayo angemuuliza mgeni, ilhali mdai hajaacha hata moja ya haki zake. Khalil anarudisha jina mahali pake, na papo hapo uhusiano unaonekana ulivyo.

Je, Yusuf ni rehani halali? Jibu la sheria ni jepesi, na ninalipita haraka. Rehani ni mali inayowekwa kwa mdai kuwa dhamana ya deni. Katika fiqhi mtu huru si mali, hivyo hawekwi rehani, ingawa mtu mzima anaweza kujitolea kumdhamini mwenzake. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na inayofuata inaruhusu rehani kwa wasafiri wasiopata mwandishi. Wanafunzi wetu wameyapitia hayo madrasa kabla ya kumsikia Bibi Carlill. Sheria ya India nayo inafika pale pale kwa njia yake: mtoto hana uwezo wa kufunga mkataba, na kifungu cha 23 kinabatilisha makubaliano yenye lengo la kumdhuru mtu. Deni la baba linabaki kuwa deni halali la kawaida; kilichooza ni dhamana yake. Wanafunzi wengi huvichanganya viwili hivyo, wakidhani dhamana ikibatilika na deni limekufa.

Hapa historia ya Unguja yenyewe inaisaidia riwaya. Gurnah hakuiweka hadithi yake Unguja bali Bara na pwani ya Mrima, lakini biashara anayoisimulia ndiyo iliyoendeshwa kutoka mji huu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado ipo Shangani, alifanya safari zake kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi, Taria Topan akiwa mashuhuri zaidi, na tawasifu yake ya Kiswahili imejaa hesabu za aina hiyo. Mashambani kulikuwa na bei ya khiyari: mwenye shamba la karafuu humuuzia mkopeshaji kwa sharti la kulikomboa, kisha hulikodi shamba lake mwenyewe, na kodi ikawa ndiyo faida ambayo haikuruhusiwa kuitwa riba. Jina liliificha riba kama vile jina la ujamaa linavyomficha mdai wa Yusuf. Madeni hayo ndiyo yaliyozaa sheria za mwaka 1934 za kuzuia ardhi isihamie kwa wakopeshaji, na mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi dhidi ya ununuzi wa karafuu mwaka 1937. Mwalimu anayetafuta mifano ya mikataba hana haja ya kuvuka bahari.

Kuna atakayesema kwamba Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, inafaa zaidi, kwani mkataba wake uko wazi na kesi inasikilizwa hadharani. Nimeijaribu. Mchezo ule huchangamsha darasa, lakini hufundisha sheria mbovu: Shylock anashindwa kwa ujanja wa maneno, kuhusu nyama isiyo na damu, wakati kifungu cha 23 kingemshinda asubuhi na mapema bila Portia kuvaa joho. Jambo zito zaidi ni kwamba Antonio ametia saini akiwa mtu mzima na anajua anachokitia saini. Mwanafunzi hutoka akiamini kwamba hatari ya mkataba iko kwa mdai katili. Aziz si katili. Ni mpole, ana manukato, hapandishi sauti, na yeye mwenyewe ana wanaomdai.

Hata hivyo Peponi haifai kugeuzwa kitabu cha kiada, na ningekuwa mhakiki mbaya kama ningelificha hilo. Hakuna mahkama ndani yake. Pale Chatu anapozikamata bidhaa za Aziz ili kujifidia hasara aliyotiwa na mfanyabiashara mwingine kabisa, kosa lake ni lile lile alilofanyiwa Yusuf, yaani kumlipisha asiyekuwemo katika makubaliano. Anayeliamua jambo hilo ni Mzungu mwenye askari na bunduki, na uamuzi wake, ingawa kisheria unaweza kutetewa, hauna sababu yoyote isipokuwa nguvu. Riwaya haiiamini sheria, na mwalimu anayeitumia kuipigia debe sheria atakuwa ameisoma nusu.

Mahali ambapo nimeshindwa kabisa kuipatanisha riwaya na somo langu ni kwa Khalil. Amina, aliyelelewa naye kama dada, anaolewa na tajiri yule yule, na kwa ndoa hiyo deni la baba linafutika. Khalil yuko huru kuondoka. Haondoki. Hakuna kifungu kinachomshika, wala hakuna hati. Kuna heshima, kuna Amina ndani ya nyumba ile, na kuna baba ambaye aibu yake ameibeba mwana. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi swali la insha: Khalil anadaiwa nini, na nani? Wengi waliandika kwamba hadaiwi chochote, na kisheria wamepata alama zote. Mwanafunzi mmoja wa kike, anayeuza vitambaa na mama yake Darajani, aliandika nusu ukurasa tu. Alisema Khalil hadaiwi, lakini hajaambiwa na mtu anayemwamini kwamba hadaiwi, kisha akaniuliza, pembeni ya karatasi kwa penseli, kama mdhamini anaweza kuiomba benki nakala ya kile alichokitia saini. Nilimjibu kwamba anaweza, nikamwambia aje nayo tuisome pamoja.