Mshono Uliofutwa

Nje ya mji mdogo wa Plano, Illinois, kandokando ya Mto Fox, ipo nyumba ya mapumziko ambayo ukiielezea kwa simu utaimaliza kwa pumzi moja: sakafu, paa, nguzo nane za chuma, na vioo pande zote. Ndani ni chumba kimoja tu. Katikati yake kuna kasha kubwa la mbao lenye mabafu, jiko na mahali pa kuotea moto. Dkt. Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, alitaka mahali pa kukimbilia mwisho wa juma. Mwaka 1945 alimwendea msanifu Ludwig Mies van der Rohe, na nyumba ikakamilika mwaka 1951.

Wanaoisifu nyumba hiyo huusifu uchache wake. Mimi sifa zangu nazipeleka kwenye maungio.

Tutazame pale nguzo inapokutana na boriti ya ukingoni. Nguzo haikukaa chini ya boriti kama tulivyozoea. Imesimama ubavuni mwake, uso kwa uso, na hapo huoni bolti, huoni bamba la kuunganishia, huoni hata alama ya kuchomelea. Mafundi walivishikiza vyuma kwa muda hadi kila kimoja kikakaa sawa na timazi, kisha wakachomelea kwa kujaza chuma kilichoyeyuka katika matundu ya maungio. Walipomaliza waliondoa vishikizo, wakasaga uvimbe wote wa weldi hadi ukalingana na chuma chenyewe, wakakipiga mchanga kwa mashine hadi kikawa laini. Ndipo ikaja rangi nyeupe.

Anayewajua wachomeleaji anajua maana ya jambo hilo. Mshono wa weldi ndio sahihi ya fundi. Ukiwa umenyooka na kupangika vizuri, mwenyewe hukuita uje kuuona. Pale Plano fundi alitakiwa autengeneze mshono ulio imara kuliko wote, halafu aufute kwa mkono wake. Sijui kama ipo kazi inayodai unyenyekevu zaidi ya hiyo, nami kila nikiitazama picha ya nguzo zile namfikiria yeye kabla ya msanifu.

Katika nyumba zetu nyingi kosa lina pa kujificha. Lipu hufunika tofali lililopinda, na ubao wa chini ya ukuta hufunika lipu isiyofika sakafuni. Seremala akiacha pengo kwenye fremu, hulipigilia ukanda wa mbao na maisha yakaendelea. Ukishaviondoa vifuniko hivyo, kila mkono uliopita hapo unaonekana, na aliyekata vibaya hana wa kumsitiri. Ndiyo maana nyumba yenye vitu vichache huwa ghali: gharama ya hii ilipanda mno kupita makadirio ya mwanzo, hadi mwenye nyumba na msanifu wake wakafikishana mahakamani.

Mies mwenyewe alizaliwa Aachen, Ujerumani, mwaka 1886, mtoto wa mwashi wa mawe, na hakupitia chuo kikuu chochote cha usanifu. Alipohamia Chicago mwaka 1938 na kuongoza mafunzo ya usanifu, aliwatia wanafunzi wake kwenye tofali: wachore linavyolazwa, safu kwa safu, na namna kona inavyofungwa. Hapo namwona mtoto wa fundi.

Lakini katika nyumba ile kinachonishangaza kuliko vyote ni baraza lake la nje. Limetandikwa mawe ya travatini, na mistari ya maungio yake hupita barazani na kuingia ndani bila kukatika. Baraza hilo ni tambarare kabisa. Fundi wa sakafu atauliza mara moja: mvua je? Sakafu ya nje sharti ilazwe kidogo ili maji yaondoke, la sivyo yatatuama. Hapa jiwe halikulazwa upande wowote. Maji hupenya kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe, yakaingia kwenye kokoto zilizojazwa katika mabakuli ya bati yanayopungua upana kuelekea chini, na huko chini ndiko yanakotokea. Jiwe linaonekana limetulia tu, kumbe chini yake kuna kazi nzima ambayo mgeni aliyeketi na kikombe cha chai hataiona kamwe.

Nyumba hiyo ina makosa, na malalamiko ya Dkt. Farnsworth yalikuwa ya haki. Kiangazi vioo viliigeuza kuwa tanuri, madirisha ya kufunguka yalikuwa machache, na mbu walimlazimu kuliziba baraza kwa wavu. Sakafu iliinuliwa kama mita 1.6 kutoka ardhini kwa hofu ya mto, lakini hazikutosha: mafuriko yaliingia ndani mwaka 1954, na yale ya mwaka 1996 yakavunja vioo na kuharibu mbao. Hayo ni makosa ya aliyechagua mahali na aliyechora. Fremu ya chuma, pamoja na maungio yake yasiyoonekana, ilibaki imesimama.

Mwaka 2003 wahifadhi wa majengo ya kihistoria waliinunua mnadani kwa dola milioni 7.5, na sasa ni makumbusho. Mwaka 2021 waliipa rasmi jina la Nyumba ya Edith Farnsworth, ili mwanamke aliyeigharamia atajwe kwa jina lake kamili. Walifanya vyema. Nami ningependa waongeze kibao kimoja mlangoni, chenye majina ya waliochomelea, waliosaga na waliotandika mawe.